Takhmisi Juu ya Mashine Kongwe

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya sanaa hufa siku ambayo duka huacha kuiuza. Wapo pia wanaodhani kwamba, ikishakufa hivyo, kila mwenye kompyuta ana ruhusa ya kuichezea maiti hiyo atakavyo, akaikata mkono na kuibandika mguu, kisha akaiita kazi yake. Makundi haya mawili hayapendani, na kila moja humwona mwenziwe kuwa ndiye mharibifu. Lakini katika suala la gemu kongwe za televisheni, zile za kaseti za plastiki zilizotamba miaka ya 1980 na 1990, yote mawili yana kosa moja: yameisahau mashine. La kwanza linaiona kuwa bidhaa iliyopitwa na wakati. La pili linaiona kuwa kikwazo cha kukwepwa. Hakuna linaloiona kama ilivyo, yaani bahari ambayo ndani yake gemu ile ilitungwa, kwa maana ile ile ambayo washairi hulitumia neno bahari.

Hoja ya kutetewa ni hii: kuibadilisha gemu kongwe ni sanaa halali, tena yenye heshima, maadamu mabadiliko hayo yanakubali kupimwa na mashine iliyoizaa gemu yenyewe. Na wale wanaoikimbiza gemu dhidi ya saa, ambao watu wazima wengi huwacheka, ndio wahakiki wake wakali na waaminifu kuliko wote.

Ni vyema kwanza ieleweke mashine hiyo ilikuwa kitu gani. Mwezi Julai 1983 kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, ilitoa mashine iliyoitwa Famicom. Prosesa yake ilikwenda kwa mapigo milioni 1.79 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 2,048 tu. Miaka miwili baadaye ikatoka Super Mario Bros., gemu iliyokaa nzima katika baiti 40,960. Picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu ya leo huwa nzito mara nyingi kuliko gemu hiyo pamoja na muziki wake, ramani zake na maadui zake wote. Waliotunga walilazimika kubana kila kitu. Mawingu ya angani na vichaka vya ardhini katika gemu hiyo ni mchoro mmoja, uliotiwa rangi nyeupe huku na kijani kule. Mamilioni ya wachezaji walipita miaka mingi bila kulitambua hilo, kwa sababu ufundi ulikuwa umeificha dhiki.

Mpenzi wa utenzi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anajua maana ya kuwa na mizani minane katika kipande na kutotakiwa kuzidisha hata mmoja. Anajua kwamba neno lililokatwa likaingia mahali pake kwa usahihi hupendeza kuliko maneno kumi yaliyojimwaga. Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na washairi walipokuja kuvutana juu ya vina na mizani katika miaka ya 1970, ugomvi haukuwa juu ya hesabu. Ulikuwa juu ya swali la iwapo kufungwa humzaa mtunzi au humuua. Swali hilo hilo linaulizwa leo juu ya mashine hizi, na inashangaza kwamba wajuzi wa vina na mizani, ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kulijibu, ndio wanaolipa kisogo kwa kuwa linatoka kwenye michezo ya watoto. Asiyejua maana haambiwi maana. Lakini hawa wanaijua maana, ila wameikataa nguo iliyovaa.

Wakimbiza gemu wanafanya nini hasa? Wanaimaliza gemu kwa muda mfupi kabisa unaowezekana, kwa vidole vyao, mbele ya macho ya watu, na muda wao ukapimwa. Mtu wa nje huona haraka tu. Lakini haraka hiyo haipatikani bila kuyasoma matini ya gemu neno kwa neno. Super Mario Bros. huchora picha takriban 60 kwa sekunde, na ndani yake mna kihesabio kinachohesabu picha 21, kisha huanza upya. Mchezaji akimaliza hatua, gemu haimpeleki hatua inayofuata mpaka kihesabio hicho kifike mwisho wa mzunguko. Hivyo aliyeokoa picha kumi na aliyeokoa picha mbili, wakiangukia ndani ya mzunguko mmoja, hawakupishana chochote. Hatua ya mwisho pekee ndiyo iliyo huru na kanuni hiyo. Ni kama mwimbaji aliyemaliza maneno yake mapema: hawezi kuingia kipande kinachofuata mpaka pigo la ngoma limkaribishe. Mizunguko hiyo haikuandikwa katika kijitabu chochote kilichouzwa na kaseti. Iligunduliwa na wachezaji kwa kuichunguza gemu kama mwanachuoni anavyouchunguza mswada. Mwaka 2021, miaka 36 baada ya gemu kutoka, kwa mara ya kwanza binadamu aliimaliza chini ya dakika 4 na sekunde 55. Kilichobaki cha kuokolewa sasa ni sehemu ya sekunde, na bado watu wanahangaika nacho.

Wanaoita jambo hili upotezaji wa muda waulizwe: mtu aliyehifadhi utenzi wa beti mia tano, akausoma usiku kucha bila ya kukosea irabu, naye alipoteza muda? Kinachofanyika ni kuhifadhi kwa moyo, na anayehifadhi ndiye wa kwanza kusikia nakala ikienda kombo.

Ushahidi upo. Mwaka 1980 kampuni ya Activision ilitoa Dragster, gemu ya mashindano ya gari kwa mashine ya Atari 2600, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa baiti 128 tu. Tangu mwaka 1982 rekodi yake ilisemwa kuwa sekunde 5.51, na kwa zaidi ya miaka 30 rekodi hiyo iliheshimiwa na kuchapishwa. Mwaka 2017 mkimbiza gemu mmoja aliichambua programu ya gemu hiyo hatua kwa hatua, akaonyesha kwamba hata mchezaji asiyekosea hata mara moja hawezi kushuka chini ya sekunde 5.57. Mwezi Januari 2018 Twin Galaxies, taasisi ya Marekani inayotunza rekodi za gemu, iliiondoa rekodi hiyo. Hakuna shahidi wala picha iliyolimaliza shauri kama mashine yenyewe ilivyolimaliza. Mizani ilihesabiwa, na mstari ukaonekana hautimii.

Sasa yaje mabadiliko. Katika ushairi wa Kiswahili mna desturi kongwe ya kuichukua kazi ya mwingine na kuizidisha. Huitwa takhmisi. Mshairi huchukua ubeti wa mtangulizi wake, akatanguliza mistari mitatu yake, na ile ya mtangulizi ikaja kufunga. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alizifanyia hivyo beti za Liyongo, na hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kumwita mwizi. Lakini takhmisi ina masharti yake. Mistari mipya ni lazima iingie katika bahari ile ile, ifuate kina kile kile, na maneno ya mtangulizi yabaki yakijulikana kuwa ni yake. Atakayekiuka masharti hayo anaweza kuwa ametunga kitu, ila hicho alichokitunga si takhmisi.

Vitor Vilela, mtunzi wa programu wa Brazili, alifanya takhmisi ya namna hiyo mwaka 2019. Gradius III, gemu ya ndege za vita iliyotolewa na Konami kwa mashine ya Super Famicom mwaka 1990, ilisifika kwa uzuri na kwa uzito. Kila skrini ilipojaa risasi, gemu ilijikokota kama ngarawa iliyokosa upepo. Vilela hakuipeleka kwenye kompyuta ya kisasa. Aliiandika upya ili itumie SA-1, chipu iliyotengenezwa zama zile zile na kutiwa ndani ya baadhi ya kaseti za mashine ile ile. Prosesa ya mashine hufika mapigo milioni 3.58 kwa sekunde. SA-1 hufika milioni 10.74. Gemu ikaacha kujikokota, ikiwa imebaki ndani ya nyumba yake. Tena alichokitoa kwa umma hakikuwa gemu ya Konami. Kilikuwa kiraka, yaani faili lenye mabadiliko peke yake, ambalo halina maana mpaka liwekwe juu ya matini ya asili. Mistari mitatu yake iko wazi, na mistari ya mwenyewe iko wazi.

Kazi ya Kaze Emanuar juu ya Super Mario 64, gemu ya mwaka 1996, ni ya mlango huo huo. Baada ya wapenzi kuirudisha programu ya gemu hiyo katika lugha ya kusomeka, ilionekana kwamba matoleo yake ya mwanzo yalitoka kiwandani bila hata kufanyiwa ule upogozi wa kawaida ambao zana za watunzi wa programu huweza kuufanya zenyewe. Kwa miaka kadhaa Kaze amekuwa akiiandika upya injini yake ili iende kwa wepesi zaidi juu ya Nintendo 64 ile ile, yenye kumbukumbu ya megabaiti 4. Kompyuta yake ya mezani ingeweza kuibeba gemu hiyo bila kutoka jasho, na njia hiyo rahisi aliiacha kwa hiari yake.

Hapa ndipo palipo na ugomvi wa kweli. Katika miaka ya 2000 vilizagaa viraka vingi vya Super Mario World vilivyotungwa na kujaribiwa kwenye programu moja tu ya kuigiza mashine, iliyoitwa ZSNES. Programu hiyo ilikuwa nyepesi, nayo ilipata wepesi wake kwa kusamehe makosa ambayo Super Nintendo yenyewe haiyasamehe. Matokeo yake viraka vingi, hasa vile vilivyoongezwa muziki mpya, vilikwama vilipopelekwa kwenye mashine. Watungaji wake walijitetea: "Kwetu inacheza." Hayo ni maneno ya mtunzi aliyekosea mizani akamtegemea mwimbaji avute irabu kuliziba pengo. Wimbo unaweza kupendeza usiku huo, na wasikilizaji wakapiga makofi. Lakini siku utakapoandikwa karatasini, pengo litakaa pale pale likimsubiri msomaji. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mpaka leo wako wanaoutetea uzembe huo kwa jina la uhuru, na kumwita kila anayedai ushahidi wa mashine mlinzi wa makaburi.

Uhuru ni kitu chema, na mtu ana haki ya kutunga gemu mpya kwa kompyuta yake atakavyo. Ila akitaka kusema kwamba ameizidisha Super Mario World, basi na aikabili Super Mario World ilipo. Mwenye kutunga shairi huru hana lawama; mwenye lawama ni yule anayeliita utenzi.

Yapo mapingamizi mawili mazito, na haifai kuyapita kimya.

La kwanza linasema kwamba mashine hizi zinakufa, na kwamba wengi hawakuwa nazo hata siku moja. Ni kweli. Betri za kaseti huisha, kapasita huvuja, na fundi wa kuzitengeneza ni adimu. Hata mashine iliyo hai haibaki ilivyokuwa: mwaka 2025 wapenzi wa TASBot, roboti inayobonyeza pedi kwa niaba ya binadamu, walikusanya vipimo vya mashine nyingi za Super Nintendo, wakaona kwamba chipu ya sauti, iliyokusudiwa kutoa sampuli 32,000 kwa sekunde, aghalabu huzidi kiwango hicho kidogo. Fauka ya hayo, nyumba nyingi za Afrika Mashariki zilizopata gemu za televisheni miaka ya 1990 hazikupata Famicom ya Kyoto. Zilipata mashine zilizoinakili, zilizotoka Taiwan na China, zenye kaseti zisizo na jina la mtunzi. Na hata huko Ulaya, ambako mashine halali ziliuzwa, televisheni za mfumo wa PAL zilichora picha 50 kwa sekunde badala ya 60, hivyo gemu nyingi zilizohamishwa bila kurekebishwa zilikwenda polepole kwa takriban sehemu moja ya sita. Mashine asili ni ipi basi?

Pingamizi hili linaitia nguvu hoja badala ya kuiangusha. Ikiwa nakala ya Taiwan iliweza kuicheza kaseti iliyotungwa kwa ajili ya Kyoto, ni kwa sababu kilichonakiliwa kilikuwa mizani: amri zile zile za prosesa, michoro ile ile, kumbukumbu ile ile finyu. Gemu iliyotungwa kwa uaminifu ilisafiri, ilhali kiraka kilichotungwa kwa kuegemea udhaifu wa programu moja hakikuweza kutoka hata chumba kimoja. Wala hakuna anayetaka emuleta, yaani programu hizo za kuigiza mashine, zipigwe marufuku. Emuleta njema ni mswada mwema, na kwa msomaji wa Pemba au Lamu huenda ndiyo njia pekee ya kuifikia kazi. Lakini mswada husahihishwa kwa kurejea asili. Mwaka 2011 mtunzi wa emuleta ya bsnes alieleza kwamba kuigiza kwa ukamilifu mashine ya mapigo milioni 3.58 kulihitaji kompyuta ya mapigo yapata bilioni 3. Gharama hiyo ilikuwa bei ya uaminifu, na aliyekubali kuilipa ndiye aliyewezesha waliokosa mashine wasome matini yasiyo na uongo. Na maadamu mashine zinakufa, wakati wa kuzirejea ni sasa.

Pingamizi la pili ni la wenye mali. Wanasema gemu ni yao, na kila anayeigusa bila ruhusa ni mwizi. Haki ya mtunzi kula jasho lake haibishaniwi. Kinachobishaniwa ni haki ya kuifungia kazi chumbani isisomwe na mtu. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazikuwa zikipatikana madukani. Mwezi Machi mwaka huo huo Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine zake mbili, 3DS na Wii U, ambamo gemu nyingi kongwe zilikuwa zikiuzwa. Mwezi Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafungulie watafiti walio mbali gemu zisizouzwa tena. Hazina kubwa ya viraka, ROMhacking.net, iliyokuwapo tangu mwaka 2005, iliacha kupokea kazi mpya mwaka 2024, na nakala yake ikakabidhiwa kwa Internet Archive. Huo ndio ulinzi wa wenye mali: hawauzi, hawaazimi, na hawataki mwingine ahifadhi.

Watu wa pwani wanapaswa kuwa wa mwisho kukubaliana na mwendo huo. Tenzi za kale hazikufika mikononi mwa wasomaji wa leo kwa sababu mwenyewe alizifungia. Zilifika kwa mikono ya wanakili kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye aliandika nakala kwa kalamu yake, nyingine zikenda mpaka Ulaya. Lau kila mwanakili angesubiri hati ya ruhusa, maktaba za leo zingekuwa na makasha matupu. Na lau kila mwanakili angebadilisha apendavyo bila ya kusema, makasha yangejaa uongo. Kilichookoa fasihi ile ni mambo mawili kwa pamoja: mkono ulio tayari kunakili, na sikio lililo tayari kukataa mstari uliovunjika.

Katika gemu kongwe, mkono huo ni wa mtengeneza viraka na sikio hilo ni la mkimbiza gemu. Na mara nyingine vyote viwili hukaa katika mwili mmoja. Mwezi Januari 2014, katika tamasha la hisani la Awesome Games Done Quick, TASBot iliingiza programu nzima ndani ya Super Mario World kwa kubonyeza pedi tu, ikaigeuza kuwa gemu nyingine mbele ya hadhira. Wengi walisema hayo ni ya roboti, binadamu hayawezi. Mwezi Machi 2016 mchezaji ajulikanaye kwa jina la SethBling aliifanya kazi ya namna hiyo kwa vidole vyake, kwenye Super Nintendo isiyofunguliwa wala kubadilishwa: kwa kumtembeza Mario hapa na kumrusha pale aliandika baiti 331 katika kumbukumbu ya mashine, na Super Mario World ikageuka kuwa Flappy Bird. Hakutumia kiraka wala kompyuta. Aliyajua matini kiasi cha kuweza kuyaandika upya kutoka ndani, kwa vitendo ambavyo mchezo wenyewe unaviruhusu. Anayeona hapo mtoto anayechezea kitufe na asimwone malenga, shida iko kwenye jicho lake.

Basi na idaiwe haki kwa kila upande. Mwenye kutengeneza kiraka akijaribu kwenye mashine kabla ya kukitangaza, na pale asipoweza aseme wazi kwamba hajajaribu. Watunza rekodi wasichanganye gemu ya asili na iliyozidishwa katika orodha moja. Gradius III isiyojikokota si rahisi kuliko ile ya mwaka 1990, maana risasi nazo zimepata kasi, na kila moja ina mabingwa wake. Maktaba zipewe ruhusa ya kuhifadhi na kuazimisha zile ambazo mwenye mali ameziacha. Na washairi, wanaojua zaidi ya mtu yeyote kwamba mfungo unaweza kuzaa uhuru, waache kuwacheka watu wanaohesabu mizani kwa sehemu ya sitini ya sekunde.